Kabini za USDT za Lubumbashi: bei nzuri, ulinzi hakuna

Anayetafuta USDT, sarafu ya kidijitali ya kampuni ya Tether yenye thamani ya dola moja hivi, akiwa Lubumbashi haendi kwenye mashine, anakwenda kwa mtu. Anaweza kuwa kambista, yaani mbadilisha feza, wa katikati ya mji mwenye simu mbili na bahasha ya dola, au kabini ya M-Pesa na Airtel Money katika mtaa wa Kenya au Katuba humo mjini ambayo mwenyewe ameongeza neno USDT chini ya bango lake, au namba ya WhatsApp iliyotoka kwa rafiki wa rafiki. Huduma hiyo ndiyo tunayoipima hapa. Wanaoitumia ni wafanyabiashara wanaolipia mali Dubai na Guangzhou, wanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa wanaofanyia kazi wateja wa nje, na akina mama wanaotumiwa feza na watoto walio ng'ambo. Wote wanakabidhi feza ya jasho bila karatasi yoyote inayosema haki yao ni ipi.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa bei, kabini nzuri ya Lubumbashi inazishinda mashine nyingi za kripto za Marekani. Kwa kasi inatosha, maana USDT kwenye Tron, mmoja wa mitandao inayoisafirisha, huthibitishwa kwa dakika moja hivi. Kwa ulinzi wa mteja haina kitu: hakuna risiti, hakuna kikomo cha siku, hakuna muda wa kungoja, hakuna mlango wa kudai feza irudi. Kinga yote imeachwa mkononi mwa mnunuzi, na wengi hawajaonyeshwa waishike vipi.

Kipimo tulichotumia

Tumepima kwa sheria za majimbo ya Marekani kuhusu kioski za kripto, kwa sababu huko tatizo limeshaonekana wazi na dawa zimeshaandikwa. Kioski hizo ni mashine zinazokaa kwenye vituo vya mafuta na maduka: mtu anaingiza noti, anaonyesha msimbo wa QR wa pochi (programu ya kuwekea kripto), kripto inatumwa. Ya kwanza ya umma duniani ilifunguliwa Vancouver, Kanada, Oktoba 2013. Marekani mwaka 2025 zilikuwa takriban 30,000.

Walaghai waliziona mapema. Mzee anapigiwa simu na mtu anayejiita afisa wa benki au wa serikali, anaambiwa akaunti yake imeingiliwa, atoe akiba yake na kuipeleka "mahali salama". Anatumiwa msimbo wa QR, anauonyesha kwenye mashine, na kumbe pochi ni ya mlaghai. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilihesabu hasara ya zaidi ya dola milioni 110 kupitia mashine hizo mwaka 2023, na zaidi ya milioni 65 katika nusu ya kwanza ya 2024 peke yake. Katika miezi hiyo sita hasara ya kati ya mtu mmoja ilikuwa dola 10,000, na wenye miaka 60 kwenda juu walikuwa hatarini zaidi ya mara tatu kuliko wadogo wao. Septemba 2025 mwanasheria mkuu wa Washington, D.C., aliishtaki kampuni ya Athena Bitcoin akidai kwamba asilimia 93 ya feza iliyoingizwa kwenye mashine zake mjini humo, katika miezi yake mitano ya mwanzo, ilitokana na utapeli. Ni madai ya mashtaka, lakini yanaonyesha ukubwa wa jambo.

Majimbo yalijibu kila moja kwa njia yake. California, kuanzia Januari 2024, ilikataza mashine kupokea au kutoa zaidi ya dola 1,000 kwa mteja mmoja kwa siku. Kuanzia Januari 2025 ikaweka dari ya malipo: dola 5 au asilimia 15, chochote kilicho kikubwa. Ikalazimisha pia mteja aonyeshwe, kabla hajaingiza noti, tofauti kati ya bei anayotozwa na bei ya sokoni, kisha apewe risiti. Hayakubaki kwenye makaratasi. Juni 2025 idara ya fedha ya jimbo hilo iliitoza kampuni ya Coinme faini ya dola 300,000 kwa kuvuka kikomo cha siku na kutoa risiti zenye upungufu, na sehemu ya feza hiyo, dola 51,700, ikaenda kumfidia mzee mmoja. Vermont nayo iliweka kikomo cha dola 1,000 kwa siku na kusimamisha mashine mpya kwa muda. Mji wa Spokane, katika jimbo la Washington, ulizipiga marufuku kabisa Juni 2025.

Sheria inayotugusa zaidi sisi ni ya Minnesota, iliyoanza Agosti 2024. Iliweka kwamba mteja mpya, katika saa 72 za kwanza, asivuke dola 2,000 kwa siku. Akitapeliwa na kutoa taarifa ndani ya siku 14, kampuni imrudishie feza yake, pamoja na malipo iliyomtoza. Aliyeandika sheria hii alielewa namna utapeli unavyofanya kazi: unakimbiza. Mlaghai hataki mteja alale usiku mmoja na kuongea na ndugu yake. Kati ya dawa zote za Marekani, hiyo ya kumchelewesha mteja mpya ndiyo tunayoitamani zaidi Lubumbashi, na ndiyo isiyomgharimu kambista chochote.

Huku kwetu majukumu yamepangwa vingine. Marekani jimbo linaweza kuamka na kuiadhibu kampuni. Kongo mambo ya fedha ni ya benki kuu, Banque Centrale du Congo (BCC), Kinshasa, wala si ya mkoa wa Haut-Katanga. BCC ndiyo inayotoa leseni kwa ofisi za kubadilisha feza na kwa kampuni za feza ya simu. Kwa hiyo cheti kilichotundikwa ukutani kwa kambista kisomwe vizuri: leseni ya kubadilisha dola na falanga ni ya dola na falanga. Isichukuliwe kuwa dhamana ya USDT. Vivyo hivyo, kuwa wakala wa M-Pesa au Orange Money kunamfunga mtu kwa kampuni yake kwa miamala ya simu tu. Kampuni hiyo haitajibu chochote kuhusu kripto iliyouzwa kwenye meza ileile.

Bei: hapa Lubumbashi inashinda

Kambista hatangazi malipo. Anataja bei moja, kwa mfano "moja na tatu", yaani USDT moja kwa dola 1.03. Tuchukue mfano wa dola 500. Gawa 500 kwa 1.03, unapata USDT 485.44. Kisha anasema "gharama ya mtandao ni nne". Zinabaki 481.44. Umelipa dola 18 na senti 56, ambayo ni asilimia 3.7. Mashine ya California ikitoza hadi dari ya sheria, mwenye dola 500 zilezile atabaki na kripto ya dola 435 hivi. Tofauti ni kubwa, na makambista wetu wanastahili sifa hiyo.

Lakini bei inafichwa sehemu tatu, na mteja azijue zote.

Ya kwanza ni hiyo gharama ya mtandao. Kutuma USDT kwenye Tron kunatumia kitu kinachoitwa nishati, ambayo mtu asiyekuwa nayo anailipia kwa sarafu ya TRX. Pochi inayopokea ikiwa tayari ina USDT ndani, kutuma kunakula nishati 65,000 hivi; ikiwa haina hata moja, kunakula mara mbili, 130,000. Tangu bei ya nishati ilipopunguzwa Agosti 2025, hiyo ni takriban TRX 6.5 kwa pochi yenye USDT na TRX 13 kwa pochi tupu. TRX ikiwa senti 30, unazungumzia dola 2 au dola 4. Kambista anayedai dola 4 kwa pochi mpya anasema kweli. Anayedai dola 5 kila mara, hata kwa pochi unayoitumia kila wiki, ameongeza faida yake humo. Makambista wakubwa hukodi au hufungia TRX wapate nishati kwa bei ndogo zaidi, kwa hiyo kuna nafasi ya kubishana.

Ya pili ni noti. Dola yenye mchaniko mdogo, yenye mhuri wa wino, au ile ya zamani ya kichwa kidogo inakataliwa au inakatwa. Noti zikaguliwe kabla bei haijakubaliwa. Ikiwa makato yanatajwa baada ya USDT kutumwa, ubishi unaanza huku kila mmoja ameshika nusu ya muamala.

Ya tatu ni kupitia falanga. Ukileta falanga, kambista anazigeuza dola kwa kiwango chake, kisha dola kuwa USDT kwa kiwango chake tena. Unakatwa mara mbili na unaona mara moja. Muombe akutajie viwango viwili mbalimbali. Mara nyingi ni nafuu kubadilisha falanga kwa kambista mwingine kwanza, ukaja kwa huyu na dola mkononi.

Kununua: mpangilio unaomlinda mteja

Uharibifu mwingi hutokea kwa sababu hatua zinafanywa kwa mpangilio mbaya. Mnunuzi anatoa feza, kambista anaingiza anwani ya pochi haraka haraka, simu inasema "imetumwa", na kila mtu anaondoka. Mpangilio tunaoupendekeza ni mrefu kidogo, dakika kumi hivi, na kambista mwaminifu haukatai.

Kabla ya feza kuonekana, andikeni. Karatasi ya kawaida inatosha: tarehe na saa, dola ngapi, bei ya USDT moja, nani analipa gharama ya mtandao, mteja atapokea USDT ngapi kamili, mtandao gani, anwani herufi sita za mwanzo na sita za mwisho, namba ya simu ya kambista na sahihi yake. Hiyo ndiyo risiti ambayo California inailazimisha kwa sheria na sisi tunaipata kwa kuomba. Namna ya kuomba ina uzito. "Yaya, niandikie hapa, nyumbani watanihesabia" inapokelewa vizuri kuliko kuonyesha kwamba humwamini mtu. Akikataa kuandika hata baada ya kuombwa kwa heshima, muamala uishie hapo.

Kisha mtandao. USDT ipo kwenye mitandao mingi na kosa la mtandao ndilo linalopoteza feza bila mwizi yeyote kuwapo. Anwani ya Tron (TRC-20) inaanza na T kubwa na ina herufi 34. Anwani ya mtandao wa Ethereum (ERC-20) inaanza na 0x na ina herufi 42. Na hapo pana mtego, kwa sababu anwani ya mtandao wa BNB Smart Chain (BEP-20) inafanana nayo kabisa. Mtu akituma kwa BEP-20 kwenda akaunti ya soko la kripto iliyofunguliwa kwa ERC-20 peke yake, programu haitamzuia, kwa kuwa maumbo ni yaleyale, na feza inaweza kukwama kwa miezi au moja kwa moja. Kwa kiasi cha kawaida cha Lubumbashi, baki kwenye TRC-20 na hakikisha pande zote mbili zimelitaja jina hilo.

Anwani inakiliwa kutoka kwenye pochi yako mwenyewe, kwenye ukurasa wa kupokea, au inasomwa kwa QR. Isichukuliwe kamwe kutoka kwenye orodha ya miamala ya zamani. Kuna walaghai wanaotuma kiasi kidogo sana, au hata sifuri, kutoka anwani iliyotengenezwa ifanane na yako herufi za mwanzo na za mwisho. Wanangoja uje uinakili siku moja kutoka kwenye historia. Ndiyo maana kulinganisha herufi nne za mwisho hakutoshi. Soma na za katikati.

Sasa feza. Dola zihesabiwe na kukaguliwa na wote wawili, zikae mezani mahali zinapoonekana. Kambista atume kwanza USDT 5 za majaribio. Ndiyo, majaribio yanakula gharama ya mtandao mara mbili. Kwa dola 50 hayana maana, kwa dola 300 kwenda juu ni bima ya bei ndogo. Zikifika, atume zilizobaki. Wewe usitazame simu yake. Tazama yako, kwa megabaiti zako, na ufungue Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala ya Tron, uandike anwani yako. Unatafuta mambo mawili: muamala uwe umethibitishwa, na sarafu iwe USDT ya kweli. Mtu yeyote anaweza kutengeneza sarafu bandia kwenye Tron akaiita USDT na kuipa nembo ileile. Kinachotofautisha ni anwani ya mkataba: ya Tether inaanza na TR7NHq na inaishia na Lj6t. Sarafu zile zinazouzwa kwa jina la "flash USDT", zinazoonekana kwenye pochi kisha hazitumiki popote, ni ulaghai tupu. Anayeziuza kwa nusu bei anauza hewa.

Ikiwa SNEL imekata umeme na mtandao wa simu umelegea, ngojeni pamoja. Neno "imetumwa" kwenye programu ya soko mara nyingi linamaanisha ombi limepokelewa. Muamala wenyewe bado haujaingia kwenye Tron, na huo hauonekani mpaka upate hashi yake, yaani namba ya utambulisho ya herufi 64. Hashi hiyo nakili, uiandike nyuma ya karatasi.

Jambo moja linatutia hofu kuliko yote, nalo ni kabini inayomfungulia mteja pochi. Mama anakuja na simu mpya, hajui kusajili, kijana wa kabini anamsaidia kwa moyo mwema au mbaya. Programu inaonyesha maneno ya siri 12 au 24, ambayo ndiyo ufunguo wa pochi, kijana anayapiga picha "asije akayasahau". Kuanzia hapo pochi ina wenye mali wawili. Anaweza kungoja miezi, mpaka pochi ijae. Maneno hayo yaandikwe na mwenye simu mwenyewe, kwenye karatasi, akiwa peke yake au na mwanawe, na kama yameshaonekana na mtu mwingine dawa ni moja tu: kufungua pochi mpya na kuhamisha kila kitu. Kubadilisha neno la siri la programu hakusaidii chochote.

Na pochi mpya ya Tron inahitaji TRX. Wengi hupokea USDT vizuri, kisha siku ya kulipia mali zinagoma kutoka, wanadhani wameibiwa. Hawajaibiwa, hakuna TRX ya kulipia nishati. Muombe kambista akuuzie TRX 30 siku ileile ya kwanza.

Kuuza: hatari inageuka upande

Anayeuza USDT kwa feza ya simu ana matatizo mengine kabisa. La kwanza ni ujumbe bandia wa malipo. Unafika kwa maneno yaleyale ya kampuni, na kiasi kilekile mlichopatana, ila umetoka kwenye namba ya kawaida. Usiusome kama ushahidi. Fungua menyu mwenyewe, *1122# kwa M-Pesa, *501# kwa Airtel Money, *144# kwa Orange Money, utazame salio. Uangalie pia umelipwa kwenye akaunti ipi, maana kila mmoja wetu ana ya dola na ya falanga.

La pili ni zito zaidi. Feza imeingia kweli, lakini jina la aliyeituma si la mtu mliyepatana naye. Anasema ni ya kaka yake. Huenda mwenye feza ni mtu anayetapeliwa wakati huohuo: mlaghai amemwambia alipe kwenye namba yako, wewe umpe mlaghai USDT. Kesho yule aliyeibiwa anakwenda kwa kampuni ya simu na polisi, na namba inayoonekana ni yako. Akaunti inafungwa na wewe ndiye unayeitwa. Kanuni iwe moja bila huruma: jina la mlipaji na jina la mnunuzi lilingane, au feza irudi ilikotoka na USDT zisitoke.

La tatu ni feza ya kazi ya wakala. Kiasi kikubwa cha dola kwenye simu hakitoki chote kwa kabini moja, na kila kutoa kuna malipo yake. Hesabu malipo hayo ndani ya bei kabla ya kukubali. Kuuza kwa noti mkononi kwa bei ya chini kidogo mara nyingi kunatoka sawasawa.

WhatsApp: hapana

Tulitaka kuipa nafasi huduma ya namba za WhatsApp na Telegram, kwa kuwa wako watu waaminifu wanaofanya kazi hivyo kwa wateja wao wa zamani. Kwa mteja mpya hatuipendekezi hata kidogo. Hakuna meza, hakuna sura, na mmoja lazima atangulize. Anayetangulia karibu kila mara ni mteja. Picha za skrini za "wateja walioridhika" hazithibitishi chochote. Namba iliyonakiliwa jina na picha ya kambista anayejulikana ndiyo njia rahisi zaidi ya kuiba. Mpigie yule unayemjua kwa sauti kabla ya kutuma.

P2P

Soko la P2P, yaani mtu kwa mtu, la jukwaa kubwa la kripto, Binance kwa mfano, ndilo linalokaribia ulinzi wa kweli. USDT za muuzaji zinafungwa na jukwaa tangu agizo linapofunguliwa, mnunuzi analipa kwa feza ya simu, muuzaji anaachilia. Wakigombana, jukwaa linaamua kwa kutazama ushahidi. Kuna kitambulisho, kuna historia ya kila mfanyabiashara, kuna rekodi. Kwa dola 1,000 kwenda juu, hii ndiyo njia tunayoipa alama ya juu.

Ina masharti. Mazungumzo yote yabaki ndani ya agizo. Anayekuambia mhamie WhatsApp anataka kukutoa kwenye ushahidi. Usibonyeze kwamba umelipa kabla hujalipa, na ukiwa muuzaji usiachilie kabla salio halijasoma. Usiandike neno "USDT" wala "kripto" kwenye maelezo ya malipo ya simu kama muuzaji amekataza, maana anaweza kulitumia kama sababu ya mgogoro. Na ulinzi huo unaisha pale USDT zinapotoka kwenye jukwaa kwenda pochi ya nje: ukimtumia mlaghai kwa mkono wako mwenyewe, hakuna wa kuzirudisha. Hapo P2P ni sawa na mashine ya Minnesota bila zile siku 14.

Kile tunachokitaka kutoka BCC hakihitaji kungoja sheria kubwa. Kabini inayouza kripto iandikishwe. Bei ya USDT na gharama ya mtandao ziandikwe kwenye ubao, mbali mbali. Risiti iwe lazima, yenye hashi. Mteja mpya asivuke kiasi fulani siku tatu za kwanza. Na juu ya kila meza libandikwe onyo kwa Kiswahili na Kifaransa, kwamba hakuna benki, kampuni ya simu wala afisa wa serikali anayemtaka mtu alipe kwa kripto. Kupiga marufuku hatukutaki. Uingereza mamlaka yake ya fedha ilitangaza mwaka 2022 kwamba mashine zote zilizokuwa zikifanya kazi huko hazina kibali, na huko watu wana benki kila kona. Hapa biashara ya mali za nje ingerudi vichochoroni, kwa bei mbaya zaidi.

Feza ikishapotea

Saa za kwanza ndizo zenye thamani. USDT ina tofauti moja na bitcoin: Tether anaweza kuzigandisha zikiwa bado kwenye anwani ya mwizi, na amefanya hivyo mara nyingi kwa maombi ya vyombo vya sheria. Zikishageuzwa sarafu nyingine, nafasi hiyo imefungwa. Kwa hiyo siku hiyohiyo kusanya hashi, anwani zote mbili, karatasi mliyoandika, namba za simu na mazungumzo, usifute kitu. Ikiwa sehemu ya malipo ilipita kwenye feza ya simu, piga kwa kampuni mara moja waombwe kuzuia akaunti iliyopokea. Ikiwa USDT zilikwenda kwenye akaunti ya jukwaa kubwa, liandikie jukwaa hilo na hashi.

Kisha peleka malalamiko parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka. Ulaghai una jina lake katika sheria yetu, escroquerie, kifungu cha 98 cha kitabu cha pili cha Code pénal. Ikiwa kambista alipokea feza yako kwa makubaliano akaitumia kwa mambo yake, kinachotazamwa ni kifungu cha 95, abus de confiance. Hakimu hahitaji kuelewa Tron. Anahitaji karatasi yenye kiasi, tarehe, jina na sahihi, na ndiyo maana tumeisisitiza hivyo tangu mwanzo.

Baada ya hapo watakuja wengine. Ukiandika shida yako hadharani, ndani ya siku chache mtu atakutumia ujumbe akijiita mtaalamu wa kurudisha kripto, au wakili wa nje, au hata ofisa wa Tether, akiomba dola 100 za kufungua faili au maneno yako ya siri ili "akague pochi". Huyo mara nyingi ni mwizi yuleyule, au mwenzake aliyenunua namba yako. Usimlipe, usimjibu, na namba yake iongeze kwenye faili uliyopeleka parquet.